Aliyebaki Nje ya Jamvi

Mwanafunzi wa kwanza kuingia ofisini alikuwa Bupe. Alikaa kwenye kiti kilichoelekea meza ya Mwalimu Atuganile, akaweka mikono mapajani, akasubiri aulizwe.

"Nieleze ulichokiona siku ya moto," Atuganile alisema. "Usiharakishe."

"Mzee Ambakisye wa maabara alitoka stoo na chupa ya spiriti. Taa ya spiriti ya meza ya tatu ilikuwa bado inawaka. Akaanza kumimina. Mkono wake wa kushoto ulitetemeka kidogo, moto ukaruka, ukampata Lugano usoni."

Atuganile alimshukuru, akamwambia amwite anayefuata. Akaingia Gwamaka, kijana mrefu, nahodha wa timu ya mpira. Macho yake yalikuwa mekundu. Lugano alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Alieleza yale yale. Mzee Ambakisye alitoka stoo. Taa ilikuwa bado inawaka. Mkono wake wa kushoto ulitetemeka kidogo.

Alipofika wa tano, Atuganile aliweza kuitangulia sentensi moyoni kabla mtoto hajaimaliza. Mwanzoni alidhani wamefundishana cha kusema. Lakini watoto waliofundishana hukwama, huangalia dari, hurudi nyuma kujisahihisha. Hawa walizungumza kama watu wanaotazama picha ileile.

"Wewe ulikaa wapi siku ile?" alimwuliza kijana wa tisa.

"Meza ya mwisho, madam, karibu na sinki."

"Kati ya sinki na meza ya tatu kuna kabati la vioo vya maabara. Linafika juu kabisa."

Kijana akafikiri. "Ndiyo, lipo."

"Sasa uliuonaje mkono wa Mzee Ambakisye?"

"Niliuona, madam," alijibu kwa upole, kama anayemsaidia mtu mzima aliyeshindwa kuelewa jambo jepesi. "Ulitetemeka kidogo."

Atuganile alipewa kazi ile na mkuu wa shule, Mwalimu Kalinga, kwa sababu siku ya ajali hakuwepo. Alikuwa kwenye semina Mbeya mjini. Somo la kemia liliongozwa na mwalimu mwenzake, Dadi Nambunga, aliyekuwa Nachingwea, upande wa pili wa nchi, akifundisha madarasa mawili kwa pamoja kupitia skrini ya ukutani. Skrini ilimwonyesha meza za mbele tu, na haikuhifadhi picha, kwa kuwa sheria ilikataza kutunza picha za watoto. Kamati ya uchunguzi ya wilaya ingefika Jumatano ya wiki iliyofuata, na Kalinga alitaka maelezo yawe yamekaa sawa.

Yalikuwa yamekaa sawa mno.

*

Baada ya chakula cha mchana mvua ya Tukuyu ilianza kupiga mabati. Kidato cha Nne cha Sekondari ya Kitukwa kililaza vichwa kwenye madawati. Nyuma ya sikio la kila mtoto kiling'ara kipuli kidogo cha kijani, maana yake Marudio yameanza.

Asubuhi walikuwa wamefanya kazi kwenye Jamvi, ubao mmoja wa mtandaoni waliouchangia na wenzao wa Nachingwea. Mmoja aliandika, mwingine akakosoa, wa tatu akaleta mfano, wa nne akachora. Jamvi liliwasikiliza wote, likatafuta mahali mawazo yao yanapokutana, likasuka maelezo mamoja. Na mchana, watoto wakiwa wamepumzika, vipuli viliyarudisha maelezo hayo kwenye kumbukumbu ya kila mmoja. Aliyelala hajaelewa aliamka ameelewa. Hakukuwa tena na mtoto wa mwisho darasani.

Atuganile alikuwa mmoja wa walimu waliolipigania Jamvi lije Kitukwa. Alimkumbuka Bupe wa Kidato cha Pili, akilia juu ya sehemu na desimali. Mwezi uliopita Bupe huyohuyo alikuwa kwenye skrini akiwafundisha vijana wa Nachingwea kukokotoa moli, na wale vijana walikuwa wanaandika.

Mwalimu aliyesimamia Marudio alitakiwa kuvua kipuli chake. Atuganile alikivua, akakiweka mfukoni, akapita taratibu katikati ya madawati. Pumzi za watoto zilipanda na kushuka pamoja. Alikuwa amelizoea jambo hilo. Siku ile lilimfanya asimame.

Kwenye dawati la nyuma kabisa msichana mmoja alikuwa macho, anasoma kitabu. Tusekile. Alikuwa na pamba sikioni. Sikio lake lilitoa usaha kwa wiki kadhaa, na zahanati ilikuwa imemkataza kuvaa kipuli mpaka lipone.

Atuganile alimwita kwa kidole. Wakatoka barazani.

"Mbona hukuja ofisini kwangu?"

"Sikuitwa, madam. Mwalimu Mkuu alisema waliomo kwenye Jamvi wanatosha."

"Lakini maabara ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Uliona nini?"

Tusekile alitazama dirishani, ndani, kwa wenzake waliolala. Kisha akasogea mbali na dirisha.

"Mzee Ambakisye hakuwemo. Alikuwa amekwenda kuchota mchanga wa zile ndoo za kuzimia moto. Aliyemimina spiriti ni Gwamaka. Taa yao aliidhani imezimika. Mwali wa spiriti hauonekani mchana, madam, wewe mwenyewe ulitufundisha. Akamimina, chupa ikashika moto mkononi mwake, akairusha. Lugano alikuwa ameinama pale."

Maji ya mvua yalikuwa yanatiririka kwenye mfereji chini ya baraza.

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia Bupe, akasema nimechanganyikiwa kwa sababu ya homa ya sikio. Nikamwendea Gwamaka mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Siku ileile ya moto alilia. Aliniomba nisiseme. Alisema ameshaandika kwenye Jamvi kwamba ni Mzee Ambakisye, na wenzake wamenyamaza, hakuna aliyebisha. Kesho yake mchana wakafanya Marudio. Nilipomfuata tena jioni alinishangaa." Tusekile aliinua uso. "Madam, hakuwa anaficha. Nilimtazama sana. Hakuwa anajua."

Atuganile akaelewa. Jamvi halikuwa na njia ya kujua kwamba wale watoto hawakuwa wanajifunza kemia. Liliona sentensi moja, likaona wengi wameiacha ipite, likahesabu ukimya kuwa ni kukubaliana. Likasuka.

"Sikio lako linaendeleaje?" Atuganile aliuliza.

"Limepona. Mwalimu Mkuu amesema Jumatatu nianze kuvaa."

*

Lugano alifariki Alhamisi asubuhi katika hospitali ya rufaa. Shule iliruhusiwa mapema. Atuganile alikuwa jikoni kwake, amekaa kwenye kigoda anachambua maharage bila kuyaona, aliposikia hodi ya Mzee Ambakisye.

Mtunza maabara yule alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku hiyo. Alikuwa anasomea stashahada, na Kalinga alimruhusu kukaa na Kidato cha Nne kwenye Jamvi na kwenye Marudio ili somo limwingie. Hata baada ya ajali hakuacha kuhudhuria. Alisema asipokuja watu watadhani amekimbia.

"Karibu, mzee. Pole na msiba."

"Ndaga, asante, mwalimu. Poleni nyote." Alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Nimekuja nikwambie kabla sijawaambia wengine. Jumatano kamati ikifika, nitakubali."

"Utakubali nini?"

"Kwamba ni mimi."

Atuganile aliweka ungo chini. "Mzee Ambakisye. Polisi uliwaambia hukuwemo ndani. Uliapa."

"Niliapa, na nilikuwa naamini. Sasa nauona mkono wangu." Aliunyoosha wa kushoto, akautazama. "Naona chupa. Naona jinsi ulivyotetemeka. Jana nimeuona tena, wazi kuliko juzi. Nadhani siku ile niliogopa, akili ikaficha."

"Ulikwenda kuchota mchanga."

"Nani kakuambia?"

"Tusekile. Na ndoo nimezikuta zimejaa, mchanga mbichi."

Mzee alifumba macho. Alikuwa anajaribu, Atuganile aliona kabisa namna anavyojaribu, jinsi uso wake ulivyokunjamana kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani.

"Huo mchanga siukumbuki," alisema mwishowe. "Labda nilizijaza siku nyingine."

"Ni Jamvi, mzee. Limekuingiza jambo ambalo hukulifanya."

"Inawezekana. Wewe ndiye mtaalamu." Alisimama, akarekebisha kola. "Lakini mtoto amekufa, mwalimu. Nimetoka kwao sasa hivi, mama yake amelala sakafuni. Lazima mtu awe amefanya. Mimi ndiye ninayekumbuka kufanya. Nikikaa kimya nitakuwa mtu gani?"

Hakukubali kunywa chai. Atuganile alimsindikiza mpaka njia panda.

*

Jamvi lilikuwa na amri moja ambayo haikuwahi kutumika popote alipojua Atuganile. Iliitwa Fumua. Ililindwa kwa sauti mbili, ya mwalimu wa shule hii na ya mwalimu wa shule ile, zikitamka idhini kwa pamoja. Fundi aliyewafundisha kutumia mtambo ule aliwaambia kwa utani kwamba ni kama breki ya dharura ya treni. Ipo, lakini usiiguse.

Alimpigia Dadi Nambunga siku ileile, jua likiwa bado juu. Kwenye skrini Dadi alikuwa amekaa nje ya ofisi yake, shati limelowa jasho, nyuma yake mikorosho.

"Nimesikia habari za Lugano," alisema. "Watoto wangu wamelia darasa zima. Pole sana, dada."

Walikuwa wamefundisha pamoja karibu miaka miwili bila kuonana ana kwa ana, na alimwita dada tangu mwezi wa kwanza. Atuganile alimweleza yote. Dadi alisikiliza huku anajifuta shingo kwa leso.

"Kwa hiyo unataka tufumue."

"Ndiyo."

"Unajua kinachotoka. Huwezi kuchomoa ukili mmoja wa jamvi ukaacha mwingine. Yatatoka yote yaliyoingia kwa Marudio. Kemia, fizikia, hesabu. Miaka miwili. Mtihani wa taifa ni mwezi ujao."

"Najua."

"Hapa kwangu hakuna mtoto aliyewahi kufaulu sayansi kabla ya Jamvi. Hakuna hata mmoja, dada. Mwaka huu nina watoto wanaotaka kuwa madaktari, na wataweza. Unaniambia niwarudishe walikotoka, kwa ajili ya mtu mmoja."

"Kwa ajili ya mtu asiye na kosa."

"Sasa, kama hana kosa, baada ya kufumua watakumbuka ukweli?"

Hilo ndilo Atuganile aliloliogopa. "Hapana. Jamvi halitunzi mchango wa mmoja mmoja. Walichokiona wenyewe kilishafunikwa. Patabaki pengo."

"Basi utapata nini? Pengo." Dadi alitikisa kichwa. "Mimi nina huruma na Mzee Ambakisye, lakini tusidanganyane. Yule binti alikuwa anaumwa sikio, ana homa. Mimi nilimwona mzee akimimina."

"Skrini ilikuonyesha meza za mbele tu."

"Sikuwa naangalia skrini. Nilikuwa nimesimama karibu na kabati, nikasikia harufu ya nywele zinaungua, nikageuka—"

Akakoma.

Upepo ulipita kwenye mikorosho nyuma yake. Alimwona Dadi akitazama mikono yake, kisha ofisi yake, kisha tena mikono.

"Dadi," alisema polepole. "Wewe hujawahi kufika Tukuyu."

"Hapana," alisema Dadi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sijawahi kufika."

"Huwa unavua kipuli wakati wa Marudio?"

"Huwa nabaki nacho, napumzika pamoja na watoto. Nilitaka kujua wanakwama wapi." Aligusa nyuma ya sikio lake, akatoa mkono haraka kama aliyegusa chungu cha moto. "Dada, ile harufu ipo. Hata sasa hivi ipo. Sweta zenu za buluu, ule ubaridi sakafuni. Na wanangu hapa waliolia leo, mimi nilidhani wanamlilia mwenzao wa kwenye skrini. Wanalia kama waliokuwepo."

Kisha Dadi akauliza, "Na kitu kingine je? Kitu gani kingine kimeingia humu ambacho hatukijui?"

Dadi hakungoja jibu. Alisema kesho mchana atakuwa tayari.

*

Ijumaa kabla ya Marudio, Atuganile alisimama mbele ya darasa. Aliona si haki kuwanyang'anya watoto miaka miwili bila hata kuwauliza. Aliwaambia kwamba Jamvi limekosea kuhusu ajali, kwamba kosa hilo linaweza kumpeleka mtu jela, na kwamba njia ya kuliondoa itaondoa na mengine mengi waliyojifunza. Alieleza kwa maneno mepesi, bila kuficha kitu.

"Nataka kusikia mnavyoona. Mmoja mmoja."

Hawakutazamana wala kunong'onezana. Bupe alisimama.

"Madam, tunaona hapana."

"Nimesema mmoja mmoja. Gwamaka?"

Gwamaka akasimama. "Tunaona hapana, madam. Mzee Ambakisye mwenyewe anakubali. Kosa liko wapi?"

Aliwauliza wote. Tusekile peke yake alisema hajui, na alipolisema neno hilo vichwa vya wenzake viligeuka kumtazama, vyote, kwa mwendo mmoja, bila hasira yoyote.

Mzee Ambakisye alikuwa ameingia na kukaa kwenye dawati lake la pembeni. Kengele ikalia. Wakalaza vichwa. Taa za kijani zikawaka.

Atuganile alibaki amesimama na kishikwambi mkononi, Dadi akiwa kwenye skrini ndogo, uso umekauka. Amewauliza, wamejibu. Mwalimu anayeuliza na kisha asifuate jibu alikuwa mwalimu wa namna gani? Lakini nani hasa alikuwa amejibu? Angeweza kuwaacha. Watoto wangefaulu mtihani, baadhi yao wangekuwa madaktari kweli, wangetibu watu, na ndani ya kila mmoja wao mzee mmoja angeendelea kumuua Lugano kila alipokumbukwa. Na Jumatatu Tusekile angevaa kipuli. Baada ya hapo pasingekuwa na mtu duniani anayejua kwamba kuna kilichopotea.

Aliutazama mkono wa Bupe uliolegea juu ya dawati, kidole cha kati kikiwa na doa la wino.

"Natoa idhini," alisema.

"Natoa idhini," alisema Dadi.

Taa zikageuka nyekundu, zikazimika. Hakuna aliyelia. Waliamka kidogo kidogo, wakipikicha macho, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hawakuamka pamoja. Ubaoni kulikuwa na mlinganyo wa asubuhi. Bupe aliutazama. Aliendelea kuutazama, akainamisha kichwa upande mmoja, akafungua daftari lake na kukuta kurasa zilizojaa mwandiko wake mwenyewe. Akageuza kurasa. Akageuza tena, kwa haraka zaidi.

"Madam," alisema, "hii ni kazi ya nani?"

*

Kalinga hakupiga kelele. Alimwambia Atuganile kwamba baada ya kamati kuondoka asitegemee kusimama darasani tena, Kitukwa wala kwingine, kisha akamtaka akusanye vipuli vyote na kuvifungia. Wazazi walikuja Jumatatu, wakaja na Jumanne. Baba yake Bupe alikaa tu kwenye benchi nje ya ofisi mpaka mvua ilipoanza.

Jumatano kamati ilikaa kwenye darasa la Kidato cha Nne. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mtaratibu mwenye miwani mikubwa. Alimwomba Mzee Ambakisye aeleze, na mzee akasema kwamba wiki iliyopita alikuwa na uhakika amemimina, leo akijitafuta pale hajioni hata kidogo, na hapendi kudanganya upande wowote. Waliulizwa wanafunzi. Mmoja baada ya mwingine walisema hawakumbuki. Walikumbuka asubuhi ya siku ile, uji, paredi. Halafu walikumbuka kilio nje. Katikati hapakuwa na kitu.

"Kuna yeyote anayekumbuka?" mama yule aliuliza.

Tusekile alisimama. Kabla ya kikao alikuwa amemfuata Atuganile barazani na kumwuliza, "Niseme na jina?" Atuganile alikuwa amewaza jibu hilo usiku kucha. Alimwambia aseme alichokiona, asipunguze wala asiongeze, na kwamba ajali si uuaji, naye atalisema hilo mbele ya kamati.

Kwa hiyo Tusekile alisema. Mzee alikuwa amekwenda kuchota mchanga. Taa ilionekana imezimika. Aliyemimina ni Gwamaka, na hakukusudia.

Gwamaka alikuwa amekaa mstari wa pili. Alikuwa anasikiliza kama wengine wote, shingo ameinyoosha, anataka kujua. Alipolisikia jina lake alitazama nyuma, kana kwamba kuna Gwamaka mwingine. Mzee Ambakisye alifunika uso kwa viganja viwili.

"Mimi?" kijana alisema. "Lugano ni rafiki yangu."

Atuganile alisimama, akaieleza kamati jinsi mwali wa spiriti unavyopotea machoni mchana na kwamba kosa la namna hiyo lingeweza kumpata mtu yeyote. Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali. Ilionekana kama mwisho wa jambo. Mzee angerudi nyumbani kwake. Kijana angehurumiwa, angesaidiwa na watu wazima kuubeba mzigo ambao hakujua kama ni wake.

Ndipo Bupe akanyoosha mkono.

"Mama mwenyekiti, na mimi sasa nakumbuka. Ni kweli, ni Gwamaka."

"Umekumbuka sasa hivi?"

"Ndiyo. Tusekile aliposema, nimeona."

"Hata mimi," alisema kijana wa meza ya mwisho, yule wa karibu na sinki. "Alikuwa amevua sweta, amelifunga kiunoni."

"Amelifunga kiunoni," alisema mwingine.

"Na alicheka kwanza," alisema wa nne. "Kabla ya kumimina."

"Alicheka."

Sauti zilianza kutoka kila upande, za upole, za watoto wanaotaka kusaidia. Masikio yao yalikuwa matupu. Vipuli vyote vilikuwa vimefungiwa kabatini tangu Ijumaa. Mwenyekiti aligeuza kalamu yake na kuanza kuandika. Gwamaka alikuwa ameacha kutikisa kichwa. Alikuwa anatazama mkono wake wa kulia, na uso wake ulianza kulegea, kama wa mtu aliyepata jina alilokuwa analitafuta.

"Nilicheka," alisema.

Tusekile alikuwa bado amesimama. Alimgeukia mwalimu wake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya moto, Atuganile aliona kwamba binti yule anaogopa.

"Madam," alisema, "hakucheka. Madam, waambie. Hakucheka."